Wiki niliyofundishwa kompyuta hotelini Diani nikiwa edani

Hamjambo wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi humu ni wa kusoma tu. Nimejiunga zamani na sijawahi kuanzisha uzi. Juzi mkuu mmoja aliuliza mbona wahadhiri wa vyuo vikuu wanapelekwa semina za kujifunza namna ya kufundisha vijana kompyuta za kazi za kaunti. Kwani wao hawazijui? Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka. Nilikuwapo kwenye semina ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, na mtu waliyejifunzia kufundisha nilikuwa mimi.

Nitaeleza lilivyokuwa. Sina picha wala barua ya kuwaonyesha. Nilipokosa nitasema nilikosa. Majina nimebadilisha na ofisi sitaitaja. Macho yangu yamechoka na simu ni ndogo, kwa hiyo mnistahimilie.

Nilisoma hadi kidato cha pili. Karo ilipokosekana, shangazi yangu wa Mombasa akaniingiza darasa la taipu, kwenye zile mashine nyeusi za chuma ambazo ukizipiga meza nzima inatikisika. Nikapata cheti, na baadaye kazi ya kupiga taipu katika ofisi ndogo ya baraza upande wetu wa Msambweni. Wakati huo kaunti za leo hazikuwapo, yalikuwapo mabaraza.

Hapo ofisini ndipo nilipoolewa. Mume wangu, Bakari Hamisi, alikuwa msaidizi wa mpima ardhi wa baraza. Kazi yake ilikuwa kukokota mnyororo wa kupimia, kupigilia vigingi, na kuandika rejista ya ploti za soko: nambari ya ploti, mwenyewe, siku iliyopimwa na aliyepima.

Baada ya zile mvua za El Nino, homa ziliwashika watu wengi. Bakari aliumwa siku sita. Mola amrehemu.

Kwa wasiojua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki bila haja. Hajipambi, hajitii manukato. Nilikuwa na watoto wawili, na mama mkwe wangu alihamia kwangu kunisitiri.

Siku ya thelathini na kitu, karani mkuu wa baraza akaja nyumbani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Yeye aliketi mkekani barazani na kuzungumza na mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Nimekuja na maneno mazito kidogo. Ofisi inaletewa kompyuta mbili. Wapiga taipu ni watano. Wawili watakaa chumba cha kompyuta, na waliobaki watapunguzwa, kama mnavyosikia redioni. Kuna mafunzo wiki ijayo. Asiyekwenda, amejitoa mwenyewe."

"Mafunzo wapi?"

"Diani. Kwenye hoteli moja."

Kisha nikamsikia mama mkwe.

"Hoteli, mwanangu? Eda na hoteli?"

"Ukumbi tu, mama. Hoteli haina mgeni hata mmoja. Tangu yale machafuko ya kuwafukuza watu wa bara, wazungu wamekimbia. Hata baa wameifunga."

"Ahaa. Baa ikifungwa, ndipo wajane waende."

Karani mkuu akaaga.

Shemeji yangu akaenda kumuuliza sheikh. Jibu likaja kwamba kwa haja ya riziki ninaruhusiwa kutoka mchana, nisikae kwa anasa, na nilale nyumbani kwangu. Mama mkwe alilizungusha jibu lile kichwani siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Nenda. Nguo nitakuchagulia mimi. Na mtu akikuuliza hali, sema alhamdulillahi, usimweleze."

Akanichagulia buibui lililopauka, la kwendea shamba.

Landrova ya baraza ilitupitia asubuhi ya Jumatatu, na ikawa inaturudisha nyumbani kila jioni. Ile hoteli ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Kidimbwi cha kuogelea hakikuwa na maji, kilijaa majani. Wahudumu watatu walivaa sare safi wakasimama mlangoni na hawakuwa na wa kumhudumia. Tumbili walikuwa wengi kuliko watu. Siku ya kwanza tu walishuka na kubeba mkate wetu wote wa chai.

Ukumbini palikuwa na kompyuta tano, wahadhiri watano kutoka chuo kikuu kimoja cha bara, na sisi wapiga taipu watano. Mlangoni wameandika VUA VIATU, kwa sababu ya vumbi. Sisi wa pwani hilo halikutusumbua. Wahadhiri waliona haya, soksi za wengine zilikuwa na matundu.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mfupi kutoka Nairobi, wote walimwita Madamu. Hakuja kutufundisha sisi. Alikuja kuwafundisha wahadhiri namna ya kufundisha, ili wakirudi chuoni waanzishe kozi ya vijana watakaoajiriwa na mabaraza. Kila mhadhiri alipewa mpiga taipu mmoja wa kumfanyia mazoezi. Siku ya Ijumaa wageni wangekuja kutupima, sisi na walimu wetu pamoja.

Mwalimu wangu nitamwita Wambua. Mtu mrefu, mpole, anatoka jasho hata kwenye kivuli. Nadhani alikuwa na hofu ya pwani kwa vile watu wa bara walivyofukuzwa huku, na mimi nilikuwa na hofu yake kwa sababu alikuwa msomi. Tukaanza hivyo, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Jumatatu nzima Wambua alisimama ubaoni na kunifundisha mimi peke yangu kana kwamba nilikuwa ukumbi wa watu mia mbili. Akanieleza kompyuta ya kwanza duniani ilikuwa kubwa kama nyumba. Akachora masanduku na mishale. Niliandika yote daftarini na sikuelewa hata kidogo. Kompyuta yenyewe ilikuwa mbele yangu imefunikwa plastiki.

Saa nane Madamu akasimama nyuma yetu.

"Bwana Wambua, huyu mama ana vidole?"

"Anavyo, Madamu."

"Nimekaa humu tangu asubuhi sijaviona vikifanya kitu."

Jumanne plastiki ikaondolewa. Wambua akanionyesha jedwali kwenye skrini, safu hii nambari ya ploti, safu ile jina la mwenyewe. Halafu akanipa kitabu cha kunakili.

Wakuu, ilikuwa rejista ya ploti za soko. Karani mkuu ndiye aliyeileta kutoka ofisini. Nilifungua ukurasa wa kwanza, na ulikuwa mwandiko wa Bakari mwanzo mpaka mwisho. Saba zake alizikata katikati. Wino ulikuwa umevuja mahali aliposhika kwa mkono wenye jasho.

Sikumwambia mtu. Wambua hakujua, na angejua angefanya nini? Niliweka kitabu kushoto kwangu, nikaanza.

Nilikuwa napiga taipu kwa mwaka wa kumi na moja. Vidole havikuhitaji kichwa. Kichwa changu kilikuwa kwenye saba zilizokatwa, vidole vikaendelea vyenyewe. Wambua akabaki mdomo wazi.

"Mama, wewe hufundishwi. Wewe ni mashine," akasema.

Akaenda kunywa chai. Tangu saa ile hakunitazama tena mikono. Alitazama skrini, akiona mistari inaongezeka, akifurahi.

Jumatano tulifundishwa kutafuta. Mtu akija na nambari ya ploti, unaiandika, kompyuta inakuletea mstari wake. Wambua akajaribu kwanza. Aliandika 245, ikaja. Akaandika 118. Kompyuta ikasema haipatikani.

"Umeiruka hii, mama?"

"Sikuiruka, mwalimu."

Nikaketi, nikaandika 118 mwenyewe. Ikaja pale pale.

Akaketi yeye. Haipatikani. Nikaketi mimi. Hii hapa.

Watu wakaanza kukusanyika. Agnes, mpiga taipu mwenzangu, alikuwa binti wa watu wa bara waliopewa na serikali mashamba ya skimu huko ndani. Alikuwa na mdomo, na roho yake safi.

"Wee Mama Riziki, hii computer imekupenda wewe tu! Mwalimu hata haimtaki."

Bi Saumu, mkubwa wetu, akatikisa kichwa. "Hii ina kitu. Isomewe Yasini kwanza."

"Ama ni mzee wako amekuja kukusaidia kazi," Agnes akasema akicheka, halafu akashika mdomo. "Pole. Pole sana, Mama Riziki. Sikufikiri."

Nikamwambia haidhuru. Kweli haikunidhuru. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaza hivyo, na nikaona haya kuwaza.

Wambua alisema ni virusi. Alhamisi nzima alibadilisha disketi, akazima na kuwasha, akasafisha hiki na kile. Kila alipotafuta, ploti nyingine zilipatikana na nyingine hazikupatikana. Mchana hakula. Aliniambia, "Mama, hiyo kozi chuoni imeahidiwa mtu mwingine kama nikianguka hapa. Nimengoja miaka minne." Tena akasema, "Lakini kesho anayetafuta ni mwanafunzi, si mwalimu. Wewe ukitafuta inapatikana. Tutapita tu."

Ijumaa asubuhi stima ikapotea. Wageni walitarajiwa saa nne. Madamu akataka orodha ya wageni na meza zao, ipigwe taipu upesi. Mapokezi ya hoteli walikuwa na mashine ya zamani, nyeusi, ya chuma, ndugu yake zile nilizojifunzia. Nikaketi.

Niliandika meza ya kwanza mpaka ya kumi kwa maneno. Nafasi ikawa ndogo, nikaanza kuandika kwa tarakimu. Meza 11.

Nikakitazama kidole changu. Kilikuwa kimekwenda kwenye herufi ele (l), mara mbili.

Wakuu, walioshika taipu za zamani wananielewa. Mashine zile hazikuwa na kitufe cha moja. Tarakimu zilianzia mbili. Ukitaka moja ulipiga ele ndogo, na kwenye karatasi hakuna aliyeona tofauti. Ndivyo tulivyofundishwa. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na moja na kidole kimesahau kwamba ile si tarakimu.

Kumbe kila mahali Bakari alipoandika moja, mimi nilikuwa nimeandika herufi. Nikitafuta kwa kidole changu, herufi inaikuta herufi. Wambua alitumia vile vitufe vya namba vya pembeni. Moja yake ni moja ya kweli, na ilikuwa haina mwenzake humo ndani. Na kwenye skrini zile ele na moja zilifanana kama mapacha.

Niliketi pale na mikono mapajani. Nilijua mambo mawili. La kwanza, nikinyamaza ninafaulu. Mtihani ni kwamba mimi nitafute, na mimi nikitafuta inapatikana. Kazi ninaipata, watoto wanakula.

La pili, siku moja atakuja mama muuza samaki na nambari yake, karani mwingine aitafute kwa vitufe vya pembeni, amwambie, mama, huna ploti. Na Bakari aliyezunguka na mnyororo kwenye jua kuipima, itakuwa kama hakupita.

Nikamfuata Wambua nje, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, hakuna anayejua ila sisi wawili?"

"Ndiyo."

"Basi tunyamaze leo tu. Kesho tukae sisi wawili, tuirekebishe yote."

"Kesho mimi niko nyumbani kwangu, mwalimu. Eda yangu haijaisha."

Stima ikarudi, na magari ya wageni yakaingia.

Sikumchukia kwa maneno yale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasema kwanza, ndani kwa ndani.

Zamu yangu ikafika. Mgeni mmoja wa baraza akataja ploti 113. Vidole vyangu vilikuwa tayari. Nikaviondoa.

"Naomba Madamu aitafute yeye," nikasema.

Karani mkuu akanikazia macho. Madamu akaketi, akaandika kwa vitufe vya pembeni. Haipatikani. Nikaandika mimi, ikaja. Wageni wakadhani ni mchezo. Ndipo nikasema nilichokuwa nimefanya, tangu Jumanne, mstari kwa mstari.

"Wiki nzima?" karani mkuu akauliza. "Wiki nzima unaandika herufi mahali pa namba?"

"Ndiyo, bwana."

Madamu akainuka, akapita meza moja baada ya nyingine akijaribu mwenyewe, maana huko waliokuwa wakitafuta wiki nzima ni wapiga taipu tu. Wapiga taipu watatu kati ya watano tulikuwa tumefanya vile vile, Bi Saumu akiwamo. Agnes na mwenzake mmoja walijifunzia mashine mpya za umeme, zao zilikuwa sawa.

Madamu akawageukia wahadhiri. Hakupaza sauti.

"Hawa mama wamefanya walivyofundishwa. Ninyi mlikaa nyuma ya viti vyao siku nne. Ni nani aliyetazama mikono?"

Wambua peke yake akasema, taratibu, "Mimi sikutazama."

Kurudi Msambweni, ndani ya Landrova, Bi Saumu hakunitazama mpaka tunakaribia kufika.

"Ungenyamaza, tungejirekebishia wenyewe pole pole. Umetuunguza sote, Mama Riziki, na wewe mwenyewe ndani."

Maneno hayo ninayo hata leo. Alipunguzwa mwezi uliofuata na hakunisalimia tena mpaka alipofariki. Nilikwenda kwenye maziko yake nikaketi nyuma.

Nilipofika nyumbani, maghribi ilikuwa haijaingia. Mama mkwe aliniuliza, "Umeipata?" Nikamwambia sikuipata, na sababu yake. Kisha akaniletea uji wa mgonjwa, wenye pilipili manga.

Chumba cha kompyuta wakapewa Agnes na mwenzake. Ila Agnes alikwenda kwa karani mkuu akamwambia rejista haiwezi kusahihishwa na mtu asiyejua mwandiko ule. Programu ile haikujua kugeuza safu moja peke yake, na kuiambia igeuze ele zote ziwe moja isingewezekana, maana Ali, Salim na Halima wote wangeharibika majina. Ilitakiwa mtu akae, mstari kwa mstari.

Nikapewa mpaka kazi iishe. Nilikwenda asubuhi, nikarudi adhuhuri. Niliusoma mwandiko wa Bakari mara ya pili, safari hii taratibu, na kichwa na vidole pamoja. Kazi iliisha wiki moja kabla ya eda kwisha. Barua ya kupunguzwa ilikuwa tayari mezani, imepigwa kwa kompyuta.

Baada ya hapo nilipata mashine kuukuu na kuketi kwenye kibaraza cha duka, nikiwaandikia watu barua na fomu. Ndiyo iliyosomesha watoto, kwa shida. Ninaandika haya nisije nikaonekana nasema ukweli unalipa. Mimi ulinichosha tu.

Miaka michache nyuma, baada ya kaunti kuja, nilikwenda ofisini kufuatilia kijiploti cha sokoni ambacho Bakari alituachia. Nilimkuta kijana mmoja wa chuo. Alinipa shikamoo, akavuta kiti cha pili karibu yake, akanisogezea kibodi.

"Andika wewe mwenyewe nambari yako, mama, nikuone."

Nikacheka kidogo. "Kwa nini unione?"

"Tulivyofundishwa. Kabla hujatazama skrini ya mtu, tazama mikono yake. Mwalimu wetu alikuwa hatupi alama tusipofanya hivyo. Mzee Wambua, amestaafu sasa."

Nikaandika nambari. Kidole kilitaka kwenda kwenye ele, nikakirudisha.

"Ipo, mama," akasema. Akanigeuzia skrini. Nambari ya ploti, jina la mwenyewe, siku iliyopimwa. Na mwisho, aliyepima: B. Hamisi.

Nikamwambia kijana anipe dakika moja. Akanipa.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, jibu langu ndilo hili. Wale wahadhiri kompyuta walikuwa wanazijua sana. Walichokuwa hawajui ni kumtazama mtu anayefundishwa. Hilo nalo hufundishwa, na wakati mwingine kuna mtu anaingia hasara ili lifundishike.

Mlioshika taipu zile za zamani, niambieni, vidole vyenu vimeshasahau? Na wahadhiri mlio humu, msione haya, semeni yenu. Mimi nitasoma yote, kuandika ndiko nisikokuzoea.